Mvua Ikinyesha Mtandao Unakata

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa leo na mimi nimeshachoka hoi. Sijui kama kuna mtu mwingine anayeanza muhula na uchovu wa mwisho wa muhula. Nimeamua kuandika kila siku, au kila nikipata nguvu, kwa sababu Mkuu wa chuo amesema atataka kujua kila kitakachotokea maabara ya kompyuta, na kichwa changu siku hizi hakishiki tarehe.

Basi, kwa kumbukumbu. Chuo chetu cha uuguzi kina laptopu thelathini na mbili, kuukuu, za msaada. Zilikuja tupu, hazina mfumo wowote ndani. Likizo yangu yote imeishia kuweka Linux, kwa sababu ni ya bure na kwa sababu mifumo mingine ingezilemea mashine hizo zikate roho. Nilitengeneza moja hadi nikaridhika, kisha nikainakili kwenye nyingine zote thelathini na moja. Siku ya mwisho nilikuwa nabonyeza tu, macho yenyewe hayaoni.

Wakati mimi nanakili, Mzee wa Ngazi alikuwa darini anatandaza nyaya za masanduku ya waifai. Masanduku ni matatu: la korido, la maktaba na la maabara. Mzee wa Ngazi ndiye fundi wa nyaya wa chuo, na jina hilo kapewa na wanafunzi kwa sababu kila umwonapo ana ngazi begani, hata akienda kunywa chai. Ana miaka tisa hapa kwa mkataba wa muda, muhula baada ya muhula. Bodi inakaa mwezi wa tano, na safari hii jina lake limo kwenye orodha ya watakaopewa ajira ya kudumu. Leo peke yake kaniambia mara tatu.

Jambo lingine la kukumbuka: mtihani wa mwisho wa muhula utafanyika kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza. Tarehe 12 Mei. Mungu atusaidie.

Jumatano, 5 Machi

Wanafunzi thelathini na mbili, mashine thelathini na mbili, mtandao safi. Sina la kuandika. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Ilikuja saa nne asubuhi kwa fujo, umeme ukakatika, ukarudi baada ya nusu saa. Ulivyorudi, mashine zote hazikuuona mtandao wa maabara. Si kwamba ulikuwa dhaifu, haukuwepo kabisa kwenye orodha. Wa maktaba ulionekana kwa mbali, hafifu, usiofungua kitu.

Nimeilaumu draiva. Kila kadi ya waifai inataka draiva yake, yaani programu ndogo inayouambia mfumo namna ya kuongea na kadi. Watengenezaji wengine wanawapa watu wa Linux hiyo programu, wengine wanaikalia, na watu wa kujitolea wanaiandika kwa kupapasapapasa. Kadi zetu ni za hao wanaoikalia.

Mkuu akapita, akasimama mlangoni na laptopu yake mkononi, miwani juu ya kichwa. "Mbona yangu inashika?"

"Ya kwako ni mpya, Mkuu. Na ina mfumo mwingine."

"Basi wekeni mfumo wangu."

Nikasema nitaliangalia. Hilo ndilo jibu langu kwa kila kitu siku hizi. Saa nane mtandao ulirudi wenyewe, baada ya umeme kukatika tena na kurudi. Sikuuliza kwa nini, nilishukuru tu.

Ijumaa, 14 Machi

Siku nzima natafuta draiva mtandaoni. Bwana mmoja anasema weka ya zamani. Mwingine anasema ya zamani ndiyo inayoua, weka mpya. Wa tatu ana tatizo langu lile lile, kadi ile ile, nikasoma roho juu hadi mwisho, kumbe kaandika: "Nimeshatatua, asanteni." Hakusema kwa vipi. Mtu huyo na Mungu wake.

Jumatatu, 17 Machi

Jua. Mtandao mzima kama kigori. Nilikunywa chai na Mzee wa Ngazi kwenye benchi la nyuma, ngazi imelala miguuni mwetu. Aliniuliza masafa ni kitu gani, maana kwenye masanduku yake kaona pameandikwa namba mbili, 2.4 na 5, na hapendi kufunga kitu asichokijua.

Nikamwambia ni njia mbili za hewani. Ile ya gigahezi 2.4 inapenya kuta lakini ni ya polepole na imejaa watu. Ya gigahezi 5 inakimbia sana ila ikikutana na ukuta inachoka. Masanduku yetu ni ya kizazi kipya, yanaongea zote mbili. Laptopu zetu ni za kizazi cha zamani, zinaijua ile ya kwanza tu.

"Kwa hiyo sanduku inabidi liongee kizamani ili wazee wasikie," akasema.

"Ndiyo hivyo, mzee wangu."

"Basi na wewe uniongeleshe hivyo hivyo." Tulicheka. Ni mtu mzuri. Nataka ikumbukwe kwamba niliandika hivyo leo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua, umeme, giza la mtandao. Maabara haioni kitu. Nimebadilisha draiva kwenye mashine sita, nikawasha na kuzima hadi vidole vikauma. Hakuna.

Nikamwita Mzee wa Ngazi. Akapanda, akachomoa waya kwenye sanduku, akaupuliza, akauchomeka. Kabla hajashuka, mashine zote thelathini na mbili zikauona mtandao.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria kwamba pengine si draiva.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Ukakata. Akapanda, akachomoa, akachomeka. Ukarudi.

Alhamisi, 27 Machi

Leo tena. Nilikuwa nimekaa sakafuni katikati ya nyaya, darasa limenikodolea macho, na mwalimu wa famasia anaangalia saa kila dakika kana kwamba mimi ndiye ninayenyesha. Mzee wa Ngazi akaja akaegemeza ngazi yake ukutani, lakini hakupanda. Akatoa simu mfukoni, ile yenye kioo kilichopasuka.

"Binti, hebu tazama. Simu yangu inauona mtandao wa maabara. Tena vifimbo vyote vinne."

"Mzee wangu, simu ni simu, kompyuta ni kompyuta."

"Najua. Lakini kama waya wangu una tatizo, simu ingeupata wapi?"

"Mzee, tafadhali. Panda, chomoa, chomeka. Watu wanasubiri."

Akanitazama kidogo, akarudisha simu mfukoni, akapanda. Ukarudi. Aliposhuka sikumwangalia usoni. Nilikuwa na njaa na mgongo unaniuma.

Juu ya dari la maabara pana doa la maji ukubwa wa sinia. Sijawahi kuliona kabla ya leo. Sasa ndiyo yote yamejipanga: mvua inanyesha, maji yanaingia kwenye maungio ya nyaya, mtandao unakata, mzee anakausha kwa mdomo, unarudi. Nilifurahi. Aibu kuandika, lakini nilifurahi kwamba si kazi yangu iliyoharibika.

Jumanne, 1 Aprili

Siku mbaya kuliko zote tangu niajiriwe.

Leo ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio. Mkuu alialika watu wawili wa bodi waje waone chuo kinavyokwenda na wakati. Akavaa suti yake ya bluu. Wanafunzi wameketi, kila mmoja na mashine yake, saa tatu kamili. Nje mawingu yameshuka mpaka unaweza kuyagusa. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, subiri saa moja tu, saa moja tu.

Mvua haikusubiri. Saa tatu na dakika ishirini umeme ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi. Nikawatazama wanafunzi mstari wa mbele na nikajua kabla hawajasema. Kisha mikono ikaanza kuinuka, mmoja, watatu, wote. "Madam, imepotea." "Madam, na yangu." Binti mmoja aliyekuwa amefika swali la arobaini akaanza kulia pale pale.

Nikatoka mbio kumtafuta Mzee wa Ngazi. Alikuwa wodi ya mazoezi, ng'ambo ya uwanja, anatengeneza taa. Tukakimbia kwenye mvua, yeye na ngazi begani, umri wake ule, mimi nyuma namwambia aharakishe. Tulipofika wale wageni wawili walikuwa wameshasimama. Mzee akapanda na nguo zinachuruzika maji, akachomoa, akachomeka. Mtandao ukarudi, na majibu ya wanafunzi wote yalikuwa yamepotea.

Mgeni mmoja akauliza kwa upole, "Huwa mnafanya hivi kila mvua ikinyesha?"

Mkuu aliniita ofisini. Hakuniketisha. "Nataka maelezo ya maandishi Ijumaa. Nataka kujua kosa ni la nani. Nimekwambia weka mfumo kama wangu ukaniambia utaliangalia. Sasa kama ni hiyo Linux yako, sema."

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Dada yangu, ninayekaa naye, alinipikia, nikashindwa kula. Yeye ni mshonaji, hajui habari za mitandao, lakini akasikiliza yote mpaka mwisho. "Pole," akasema. "Na huyo mzee umemuuliza anafikiri nini?"

Nikamwambia naumwa kichwa, nikaenda kulala.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeandika. Kurasa mbili. Nainakili sehemu moja hapa ili nisije nikajidanganya baadaye:

"Kila mvua inyeshapo mtandao wa maabara hukatika, na hurudi mara tu fundi anapogusa maungio. Mashine na mfumo wake vimekaguliwa na havina tatizo. Kwa maoni yangu ya kitaalamu, maungio ya nyaya hayakufungwa sawasawa na unyevu unaingia."

Sikuandika habari za simu. Nilifika pale kwenye aya inayostahili, nikasita, nikasema moyoni kwamba itawachanganya tu.

Jumanne, 8 Aprili

Wamemwambia Mzee wa Ngazi akae nyumbani mpaka bodi itakapokaa tarehe 7 Mei. Jina lake limetolewa kwenye orodha "kwa sasa". Mkuu kanieleza kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Nilikutana naye getini anatoka. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba vizuri kabisa. Kisha akasema, "Doa lile la darini ni la bomba la tangi. Lipo toka mwaka juzi. Liko mbali na nyaya zangu hatua sita. Ungeniuliza ningekuonyesha."

Nikasema, "Pole, mzee wangu."

"Haya, binti. Kazi njema."

Kazi njema! Nimeirudia kichwani siku nzima.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua, lakini umeme haukukatika. Mtandao haukukatika pia. Nililiona hilo, nikaligeuzia kisogo.

Jumanne, 15 Aprili

Fundi wa kampuni amekuja na vijana wake, wamevua nyaya zote za mzee na kuweka mpya, maungio ya chuma, mipira ya kuzuia maji. Aliponirudishia rundo la zile za zamani nilimuuliza, "Zilikuwa na unyevu?"

"Kavu kabisa, dada. Aliyefunga hizi anaijua kazi yake. Sisi tumeambiwa tubadilishe, tumebadilisha."

Nikamwekea sahihi karatasi yake.

Ijumaa, 18 Aprili

Hakuna mvua. Hakuna kitu.

Jumanne, 22 Aprili

Hakuna mvua. Mkuu ananisalimia sasa kwa kutabasamu. Wanafunzi wananiuliza Mzee wa Ngazi yuko wapi, nawaambia likizo. Uongo huo nimeusema mara nne leo, na kila mara unatoka laini zaidi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua kubwa saa tano. Umeme ukaenda, ukarudi. Nyaya mpya, maungio mapya, mipira ya kuzuia maji. Maabara yote haioni mtandao.

Nilisimama katikati ya chumba na wanafunzi wananitazama, na hapakuwa na mtu wa kumwita. Nikachukua ngazi ya mlinzi nikapanda mwenyewe, nikachomoa, nikachomeka. Ukarudi. Nilikaa kule juu kwenye ngazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza kama najisikia kizunguzungu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimejua.

Nitaandika taratibu nisiruke kitu. Asubuhi niliwahi kabla ya wanafunzi. Nilizima swichi ya sanduku la maabara na kuiwasha, kama umeme unavyofanya. Mara ya kwanza mashine ziliuona mtandao. Mara ya pili ziliuona. Mara ya tatu hazikuuona. Hapakuwa na tone la mvua nje.

Sikugusa kitu tena. Nilitoa simu yangu mwenyewe. Mtandao ulikuwepo, vifimbo vinne. Nikaketi. Mwezi mzima simu hiyo imekuwa mfukoni mwangu.

Nikaingia kwenye ukurasa wa sanduku kwa simu hiyo hiyo. Sanduku lenyewe ndilo linalochagua chaneli, yaani kijia chake ndani ya masafa, kila likiamka, hivyo ndivyo lilivyotoka kiwandani. Ndani ya masafa ya 2.4 chaneli zetu ni kumi na tatu. Masanduku ya korido, maktaba na majirani yameshika ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja, kwa hiyo la maabara likiamka linatafuta palipo na nafasi. Siku nyingine linapata ya namba ndogo. Leo limeenda ya kumi na tatu.

Halafu nikaiuliza laptopu moja ya maabara inajua chaneli zipi. Ikanipa orodha: ya kwanza hadi ya kumi na moja. Ya kumi na mbili na ya kumi na tatu, imeandika, zimefungwa. Na juu yake ikaandika kwa nini: kwa sheria ya nchi. Nchi yenyewe si yetu. Ni nchi ninayoijua kwa ramani tu, ambako sheria yao ya mawimbi inaishia kumi na moja.

Linux inatii sheria ya nchi unayoiambia iko. Nani aliiambia iko huko? Wakati wa kuweka mfumo kuna ukurasa unauliza upo nchi gani, na nchi ile inakuwa imeshachaguliwa; ukibonyeza tu "endelea" inabaki hiyo. Nilibonyeza endelea. Nilikuwa nimechoka, nilibonyeza endelea, endelea, endelea, kisha nikanakili kosa langu mara thelathini na moja.

Mvua haikuingia popote. Mvua ilikata umeme, umeme ukalizima sanduku, sanduku likachagua chaneli, na mashine zangu zilifunzwa na mimi kutoiona. Mzee alipochomoa waya, sanduku lilizimika likachagua tena. Basi. Draiva haikuwa na kosa. Nyaya hazikuwa na kosa. Aliuliza swali moja tu, kama waya una tatizo simu ingeupata wapi, na lilikuwa ndilo swali lenyewe.

Kurekebisha ni mstari mmoja wa maneno kwa kila mashine. Thelathini na mbili zote zimenichukua muda wa kipindi kimoja. Sanduku nimelifungia kwenye chaneli moja lisihangaike tena.

Nililia chooni. Kisha nikanawa nikafundisha kipindi cha saa tano.

Jumatano, 30 Aprili

Niliandika barua, ukurasa mmoja, nikampelekea Mkuu. Nimesema kosa ni langu, limetokeaje, na kwamba fundi aliniambia na sikumsikiliza. Safari hii habari za simu nimeziweka juu kabisa.

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Sasa inafanya kazi?"

"Inafanya kazi."

"Basi tumshukuru Mungu. Nyaya mpya tumezipata, mtihani utafanyika. Ripoti ya kwanza iko mezani kwa bodi. Ukiwapelekea na hii watauliza nani anaendesha chuo hiki. Watakuondoa wewe, na mimi sina mwingine wa kunishikia maabara tarehe 12." Akanirudishia barua. "Mzee tutampa mkataba wa muda, kama zamani. Hatapoteza kitu."

"Atapoteza ajira ya kudumu, Mkuu."

"Kasubiri miaka tisa. Wewe huwezi kusubiri wiki mbili?"

Nilitoka na barua yangu mkononi kama mwanafunzi aliyekataliwa karatasi. Lililonitisha ni kwamba sehemu moja yangu ilifarijika. Nimeandika ili lijulikane.

Ijumaa, 2 Mei

Nimempelekea katibu wa bodi barua kwa mkono, mwenyewe, nikamwomba anigongee muhuri wa kupokelewa. Dada yangu ndiye aliyenisukuma. Nilimweleza jana, nikitegemea atanihurumia. Alikuwa anapindia sketi ya mtu, hakuinua kichwa. "Na sasa unangoja nini? Akupigie magoti?"

Mkuu hajui bado.

Jumanne, 6 Mei

Mkuu amejua. Hanisalimii.

Jumatano, 7 Mei

Bodi imekaa toka asubuhi. Mvua imenyesha, umeme umekatika mara mbili, mtandao haukutikisika. Nilikuwa nautazama tu mlango.

Ijumaa, 9 Mei

Barua mbili. Yangu ni ya onyo, la maandishi, linakaa kwenye faili miaka miwili. Hiyo naistahili.

Ya Mzee wa Ngazi sikuiona, ila katibu kanieleza. Anarudi kazini kwa mkataba wa muda. Ajira za kudumu zilikuwa nafasi tatu, na orodha ilishafungwa tarehe 30 Aprili bila jina lake. Nafasi yake kapewa dereva. Barua yangu ilifika siku mbili baada ya kufungwa. Jina lake "litafikiriwa" mwakani. Mwakani atakuwa na miaka hamsini na tisa, na kustaafu ni sitini.

Tarehe 29 nilijua, tarehe 30 nilikuwa na barua mkononi, nikarudi nayo nyumbani kwa sababu Mkuu alisema. Ofisi ya katibu iko ng'ambo ya uwanja.

Jumatatu, 12 Mei

Mtihani. Mvua saa nne, umeme ukaenda na kurudi, hakuna aliyeinua mkono. Wote wamemaliza. Mwalimu wa famasia akanipa hongera, nikasema asante na nikaona vibaya.

Jumatano, 14 Mei

Mzee wa Ngazi amerudi leo. Nilimkuta kwenye korido anakagua kazi ya wale wa kampuni, anatikisa kichwa kwa kuridhika, "Wamefunga vizuri hawa." Nilikuwa nimejipanga usiku kucha cha kusema, nikasahau chote.

"Mzee wangu, kosa lilikuwa langu. Lote. Wewe uliniambia."

"Nimesoma. Katibu alinipa nakala ya barua yako." Alifunga kisanduku cha vifaa vyake. "Umeandika vizuri."

"Nisamehe. Nikikaa najiuliza nitakulipaje..."

"Binti, sitaki kulipwa." Hakukasirika, alikuwa amechoka, kama mimi, labda kunizidi. "Wewe unajua siku zile nilipokaa nyumbani nilikuwa namwambia nini mke wangu? Nilimwambia nyaya zangu ni nzima. Akanijibu, mtaalamu kaandika. Miaka thelathini nafunga nyaya, yeye ndiye ananiamini kuliko wote, akanijibu mtaalamu kaandika. Hiyo barua nimempelekea, kasema pengine nilikuomba uiandike. Njoo Jumamosi. Njoo uyaseme kwa mdomo wako."

Nikasema nitakuja.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda. Nyumba ya vyumba viwili, kochi limefunikwa vitambaa vyeupe, redio imezimwa kwa ajili yangu. Mkewe ni mama mnene mwenye sauti ndogo. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniletea maji ya kunywa, yote kwa heshima, na hakuketi. Mzee alikaa pembeni, mikono katikati ya magoti, anaangalia sakafu kama mtoto anayengoja kusomewa matokeo. Sijawahi kumwona hivyo.

Nilitaka kuanza na samahani, mama akanikatiza. "Samahani tutaipokea baadaye. Ilikuwaje?"

Nikamweleza. Sikutumia maneno ya kazini. Nilimwambia kompyuta nilizifundisha mimi vibaya, zikawa hazioni mtandao siku nyingine, nikafikiri ni nyaya. Nikamwambia mume wake alinionyesha kwa simu yake kwamba nyaya ni nzima, mbele ya darasa zima, nikamfokea apande ngazi. Nikamwambia waliozivua nyaya zake walisema aliyezifunga anaijua kazi yake. Nikamwambia nilipoandika ile ripoti nililikumbuka jambo la simu nikaliacha makusudi.

"Makusudi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulimwogopa nani?"

"Nilijiogopea mwenyewe. Nilitaka kosa lisiwe langu."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombana juu ya mpira. Kisha akamgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza toka niingie alimtazama sawasawa. Mzee hakuinua kichwa, lakini mabega yake yalishuka, akavuta pumzi ndefu. Nilidhani imekwisha, nikaanza kuinuka.

"Kaa, mwanangu," mama akasema. Akaenda mlango wa nyuma, akaita uani. Akaingia binti mtu mzima, mikono ina povu la sabuni, na nyuma yake kaka yake, na mume wa yule binti. Walikuwa uani muda wote, kumbe, wakifua na kungoja. Wakasimama ukutani, hawakunisalimia.

"Hawa nao waliambiwa baba yao kaharibu," mama akasema. "Rudia. Toka mwanzo."

Nikarudia.